Maji ya rejeta yanapungua na chini ya gari ni pakavu: namna ya kuutafuta mvujo unaojificha

Swali hili hunifikia karibu kila juma hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka kwa majirani wa Nguba, kutoka kwa ndugu walio Panzi, na kutoka kwa vijana walionunua gari lao la kwanza: “Jana nilijaza maji kwenye rejeta, leo yamepungua, lakini nikichungulia chini ya gari sioni hata tone. Yanakwenda wapi?” Mwingine husema kwamba gari lilimwaga maji mara moja tu, alipokuwa akipanda kutoka ukingo wa ziwa kwenda Kadutu, kisha likakaa majuma mawili bila tatizo lolote. Wa tatu amekwisha kulipia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake, na maji bado yanapungua vilevile. Nimeamua kuandika jibu lote mahali pamoja, kwa sababu jibu la nusu nusu linalotolewa barabarani, katika jambo hili, huishia kwa injini kuungua.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Mvujo unaokuja na kutoweka haufanyi hivyo kwa bahati. Una sharti lake. Kuna unaotokea injini ikiwa baridi tu, kuna unaotokea injini ikiwa moto na presha imepanda, kuna unaotokea dakika chache baada ya injini kuzimwa, na kuna unaotokea injini inapotikiswa mlimani. Ukilijua sharti lake, sehemu za kushuku zinapungua kutoka ishirini hadi mbili au tatu. Ndiyo maana nakuomba usishike spana yoyote kabla ya kumaliza hatua ya nne.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya magari ya zamani ambayo rejeta yake ina mfuniko wa kuzungusha juu, kama zilivyo Toyota nyingi za mtumba zinazotoka Japani. Ikiwa gari lako halina mfuniko kwenye rejeta bali lina tangi la plastiki lenye presha, basi kila ninaposema “mfuniko wa rejeta” elewa mfuniko wa tangi hilo.

Vitu vya kuandaa

Tafuta tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo cha mkononi, vitambaa vyeupe vikavu, brashi ya zamani ya meno, kipande kikubwa cha katoni kinachotosha kuenea chini ya injini yote, chaki, chupa ya lita 1 uliyoichora mistari ya kila mililita 100, daftari na kalamu, bisibisi ya kukazia vibano, na glavu nene. Andaa pia lita 2 au 3 za maji ya kupozea yenye rangi, yaliyokwisha kuchanganywa kulingana na maelezo ya kopo lake. Kama unaweza kuazima pampu ya kupimia presha ya rejeta, ile yenye saa ya kuonyesha presha na kichwa kinachofungwa mahali pa mfuniko, kazi itakuwa rahisi zaidi. Lakini usiache kuanza kwa sababu huna.

Kwa kuwa wauza vipuri wetu husema Kifaransa, jua majina haya kabla ya kwenda kununua: mpira wa maji ni durite, kibano chake ni collier, mfuniko wa rejeta ni bouchon, thermostati (vali inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta) ni calorstat, na gasketi ya silinda hedi ni joint de culasse.

Tahadhari ambazo huwezi kuziruka

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto, hata kama umevaa glavu, hata kama umefunika kwa kitambaa, na hata kama fundi mzoefu amekuambia kwamba ukizungusha polepole hakuna hatari. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndani ya rejeta yenye mfuniko mzima yanaweza kufika juu ya nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu presha inayazuia. Ukiiondoa presha hiyo kwa ghafla, yatachemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni. Subiri saa 2 angalau; mimi husubiri hadi asubuhi. Mtu akiungua, mimina maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia havipakwi juu ya jeraha la moto.

Usiingie chini ya gari lililosimama kwenye jeki peke yake. Katika mji wenye miteremko kama huu, tafuta kwanza mahali palipo tambarare, zuia magurudumu kwa mawe makubwa, na tumia stendi imara. Kumbuka pia kwamba feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe. Funga mikono ya shati, ondoa skafu, na weka vidole mbali na feni na mikanda.

Maji ya kupozea yenye rangi ni sumu, na ladha yake tamu huwavutia watoto, mbwa na mbuzi. Usiyaache kwenye beseni uani, na usiyaonje ili kuyatambua.

Hatua kwa hatua

1. Safisha, kisha jaza hadi alama. Injini ikiwa baridi, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni sehemu zote zinazopitisha maji: rejeta pande zote mbili, miisho ya mipira, pampu ya maji, nyumba ya thermostati na tangi la akiba. Usipige maji ya presha, kwa sababu yataingia kwenye altaneta na nyaya. Lengo la usafi huu ni kwamba alama yoyote utakayoiona baadaye iwe ya juma hili, si ya mwenye gari aliyekutangulia. Kisha jaza rejeta hadi shingoni na tangi la akiba hadi alama ya juu ya injini baridi. Ikiwa gari lilikuwa likitumia maji matupu, huu ndio wakati wa kuyatoa na kuweka maji yenye rangi, kwani maji matupu hukauka na kuacha alama ndogo sana, na mara nyingi ndiyo yaliyoufanya mvujo wako usionekane. Angalia rangi iliyokuwamo kabla ya kununua, na usichanganye aina mbili tofauti bila kusafisha mfumo wote. Baadhi zikikutana huganda kama uji na kuziba njia nyembamba.

2. Hakikisha kwamba unachokiona ni maji ya kupozea. Gari lenye kiyoyozi hudondosha maji safi yasiyo na rangi wala utelezi chini ya upande mmoja wa kabini ya mbele, na hilo si tatizo. Maji ya kuoshea kioo nayo hudanganya watu wengi. Pitisha kitambaa cheupe: maji ya kupozea yana rangi, huteleza kidogo kati ya vidole, na hayakauki haraka.

3. Andika daftari kwa siku 7. Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza huidharau, na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Kila jioni, egesha gari mahali pamoja, tandaza katoni chini ya injini, na chora kwa chaki juu ya katoni mahali magurudumu ya mbele yalipo ili ujue tone limeanguka chini ya sehemu gani. Chungulia katoni mara ya kwanza dakika 20 baada ya kuzima injini, na mara ya pili asubuhi kabla ya kuiwasha. Asubuhi hiyo hiyo, injini ikiwa baridi kabisa, angalia tangi, kisha fungua mfuniko na uangalie rejeta. Jaza kwa chupa yako na uandike umejaza mililita ngapi. Andika pia ulikopita: “Nyawera na kurudi, msongamano”, “Kavumu na kurudi, moja kwa moja”, “Essence hadi Panzi, mvua, hita imewashwa”. Usiandike “kidogo” au “nyingi”, andika tarakimu. Mililita 100 kwa juma na mililita 600 kwa safari moja ni magonjwa mawili tofauti.

4. Lisome daftari ulitafute sharti. Matone ya asubuhi tu, hasa baada ya usiku wa baridi, huelekeza kwenye miisho ya mipira na kwenye mahali tangi la plastiki la rejeta linapokutana na bati; vitu hivyo husinyaa vikipoa na kuacha nafasi, kisha injini ikipata moto hutanuka na kuziba yenyewe. Matone ya dakika 10 au 20 baada ya kuzima huelekeza kwenye mfuniko, tangi na ufa mwembamba, kwa kuwa pampu ikisimama joto la chuma huingia kwenye maji yasiyotembea na presha hupanda kwa muda. Maji yanayopungua baada ya milima tu, na katoni ikabaki kavu, huenda yanatoka barabarani kwa presha na kukaukia juu ya injini, au yanaingia ndani ya silinda. Yakipungua siku za hita tu, anza na mipira ya hita na kirejeta chake kilicho nyuma ya dashibodi.

5. Kagua mfuniko na mpira mwembamba wa tangi kabla ya kitu kingine chochote. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa uzoefu wangu katika mji huu magari mengi yanayosemwa kuwa na mvujo wa ajabu huponea hapa.

Mfuniko hufanya kazi mbili. Kwanza, hushika presha: ule ulioandikwa 0.9 huzuia maji hadi presha izidi ya hewa ya nje kwa karibu kilopaskali 88, na kwa mwinuko wetu hilo hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu kutoka nyuzi 95 hadi karibu 115. Thermostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Fikiria basi: mfuniko ukiwa mzima una nafasi ya nyuzi zaidi ya 25 kabla ya kuchemka, na mfuniko ukiwa umechoka una nyuzi chache sana, ambazo mteremko mmoja wa Kadutu unaopandwa kwa gia ya kwanza unaweza kuzimaliza. Gari hilo hilo lingeweza kuvumilia mfuniko mbovu pwani, lakini hapa kwetu halivumilii. Kazi ya pili ni kurudisha maji. Injini ikipata moto, maji yanayozidi husukumwa kwenda kwenye tangi la akiba. Ikipoa, vali ndogo iliyo katikati ya mfuniko hufunguka na rejeta huyanyonya tena.

Kwa hiyo fungua mfuniko baridi na utazame: raba yake isiwe ngumu, isiwe na mfereji uliochimbika wala mpasuko, springi irudi kwa nguvu unapoibonyeza, vali ya katikati ivutike kwa kucha na kurudi yenyewe. Tazama pia shingo ya rejeta mahali raba inapokaa, kwani kutu au mkwaruzo hapo huharibu kazi ya mfuniko mpya. Kisha fuata mpira mwembamba kutoka shingoni hadi ndani ya tangi. Lazima ufike chini ya maji, na usiwe na ufa hata mdogo, kwa sababu ufa huo hautadondosha kitu ila utanyonya hewa badala ya maji.

Corolla yangu ilinifundisha hilo kwa gharama kubwa. Ilikuwa ikipoteza karibu nusu lita kila nilipokwenda Kavumu na kurudi, safari ya kilomita 30 hivi kila upande, na tangi la akiba lilikuwa limejaa daima, jambo lililonifanya niamini kwamba mfumo ni mzima. Gereji moja ilifungua silinda hedi, ikabadilisha gasketi, na tatizo likarudi safari iliyofuata. Mpira ule mwembamba ulikuwa na mpasuko chini ya kibano chake, mahali pasipoonekana mpaka ukiuvuta. Maji yalikuwa yakienda kwenye tangi na hayarudi. Tangi likijaa yalimwagika njiani. Kipande cha mpira cha sentimita 50 kilimaliza kazi.

Ukinunua mfuniko mpya, nunua wenye tarakimu ile ile na kina kile kile cha springi. Usikubali ushauri wa kuweka 1.1 mahali pa 0.9 ili “kushika zaidi”. Presha inayozidi hutafuta mpira mkongwe kuliko yote na kuupasua.

6. Tafuta alama kavu. Kwa tochi na kioo, pitia taratibu sehemu zote ulizozisafisha katika hatua ya kwanza. Mvujo unaokauka juu ya chuma cha moto huacha ukoko mweupe, wa kijani, wa waridi au wa rangi ya kutu kulingana na maji uliyotumia. Tazama mshono wa tangi la plastiki na bati la rejeta, juu na chini. Nyumba ya thermostati. Kitundu kidogo kilicho chini ya shafti ya pampu ya maji, ambacho kimewekwa makusudi ili kitoe maji sili ya ndani inapochoka. Na vizibo vya mviringo vya chuma vilivyo ubavuni mwa bloku, ambavyo huliwa na kutu kutoka ndani katika magari yaliyotumia maji matupu kwa miaka. Katika baadhi ya injini pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi na imefichwa nyuma ya kava; hapo tazama ukingo wa chini wa kava. Kumbuka kwamba maji hufuata chuma kabla ya kudondoka na feni huyapeperusha nyuma. Anza kutazama pa juu kabisa penye unyevu, si pale tone linapoangukia.

7. Bonyeza mipira yote kwa mkono, injini ikiwa baridi. Mpira mzima hubonyea na kurudi. Uliokufa hutoa sauti ya kukatika, au huwa laini kama ndizi iliyoiva sana karibu na mafuta ya injini, au umevimba karibu na kibano. Upinde kidogo uone kama nyufa zinafunguka. Angalia mahali unapogusana na chuma, kwa maana mpira unaosuguliwa huvuja tu injini inapoegemea upande mmoja chini ya mzigo, na hilo hutokea mlimani. Kaza vibano vilivyolegea kwa kiasi. Ukikaza kupita kiasi kibano huukata mpira au kuvunja shingo ya plastiki ya rejeta, na hapo unakuwa umejitengenezea mvujo wa kweli.

8. Pima kwa presha, baridi kisha vuguvugu. Ukiwa na pampu ya kupimia, ifunge mahali pa mfuniko, pandisha presha hadi tarakimu ya mfuniko na isizidi hapo, kisha subiri dakika 15 ukitazama saa ya pampu na sehemu zote kwa tochi. Saa ikishuka na hukuona tone, usikate tamaa: iache pampu mahali pake na urudie kipimo injini ikiwa vuguvugu baada ya kuitembeza dakika 5 na kuizima, kwa sababu ufa mwingine hufunguka chuma kikitanuka. Kabla ya kuondoa pampu subiri injini ipoe, kisha achia presha yake kwanza.

Usipokuwa na pampu, tumia presha ya injini yenyewe. Panda mlima unaoujua, rudi nyumbani, egesha juu ya katoni, fungua boneti na uzime injini. Simama kando, usiegemee, na tazama kwa tochi dakika 20 mfululizo bila kugusa chochote. Sikiliza pia, mvujo mwembamba hupiga mluzi kabla ya kuonekana. Weka kitambaa cheupe kwenye ncha ya kijiti na ukipitishe chini ya viungo unavyovishuku, mbali na feni.

9. Tafuta maji yanayoingia mahali pasipoonekana. Hatua hii inafuata tu kama zote zilizotangulia hazikuonyesha kitu. Gusa zulia la mbele upande wa abiria na upande wa dereva. Likiwa na unyevu wenye utelezi, na kioo kikifunga ukungu wenye harufu tamu unapowasha hita, kirejeta cha hita kimetoboka. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya kahawa ya maziwa ni dalili mbaya, ingawa utando mdogo mweupe kwenye mfuniko wa oili peke yake unaweza kuwa unyevu wa safari fupi za mjini. Kwa gari la gia otomatiki, tazama kama mafuta ya gia yamekuwa ya waridi yenye povu, kwa maana katika magari mengi hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Ukikuta hivyo usiendeshe tena hata mita 100.

Kuhusu gasketi ya silinda hedi, dai ushahidi kabla ya kulipa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza hadi shingoni, waambie walio karibu wasogee, na mwombe mtu awashe. Vipovu vinavyoendelea kupanda mfululizo, hata baada ya hewa ya kawaida kutoka, vyaelekea kuwa gesi ya silinda. Zima na ufunge kabla maji hayajapata moto. Chomoa plagi zote: iliyo safi kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa, imekuwa ikipata mvuke. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, usioisha hata injini ikipata moto, huthibitisha zaidi. Gereji zilizo na kifaa cha maji ya bluu hukiweka juu ya shingo ya rejeta. Yakigeuka kuwa ya manjano, gesi ya mwako imo ndani ya maji. Dalili mbili zinazokubaliana hutosha kufungua hedi. Dalili moja haitoshi.

10. Baada ya kutengeneza, toa hewa na urudie daftari. Hapa miteremko yetu inakusaidia: egesha gari likiwa limeelekeza pua juu, weka mawe, sogeza kidhibiti cha hita kwenye joto, jaza taratibu, kisha washa mfuniko ukiwa wazi. Thermostati ikifunguka maji hushuka. Ongeza, na funga vipovu vinapokwisha, kabla maji hayajaanza kuvimba na kumwagika. Hewa iliyobaki ndani hufanya sindano ya joto kupanda na kushuka, na wengi wameuziwa gasketi kwa sababu ya vipovu hivyo tu. Andika daftari siku 7 nyingine. Kama kiwango hakikushuka baada ya safari ile ile iliyokuwa ikikishusha, mvujo umekwisha.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Watu huweka yai, pilipili ya kusaga au unga wa kuzibia ndani ya rejeta. Vitu hivi havichagui tundu. Huziba pia mirija ya rejeta na ya hita, na mwezi mmoja baadaye gari linachemka bila kuvuja.

Wengine huondoa thermostati ili “maji yatembee”. Injini inabaki baridi asubuhi zetu na kula mafuta zaidi, na katika injini ambazo thermostati huziba pia njia ya mkato, sehemu ya maji huikwepa rejeta, kwa hiyo mlimani gari linaweza kupata moto kuliko mwanzo.

Kosa la tatu ni la maji yenyewe. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka, na yakipata moto kila siku huacha magaga kwenye mirija. Kwa dharura njiani, tumia maji yoyote safi ili ufike. Ila ya kuchanganyia, tafuta maji yaliyochujwa kwa mvuke, au ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Ukiambiwa dukani ununue “maji ya betri”, soma chupa kwa makini, kwa sababu asidi pia huitwa kwa jina hilo hilo.

Ukikwama

Tangi la akiba limejaa daima lakini rejeta ni pungufu: rudi hatua ya 5, vali ya katikati au mpira mwembamba. Mpira mkubwa wa juu ukisinyaa na kubonyea injini inapopoa, ni vali hiyo hiyo.

Maji yanapungua, kipimo cha presha cha baridi na cha vuguvugu kinasimama imara, katoni ni kavu: pima mfuniko wenyewe kwenye pampu kwa kiungo chake, au badilisha mfuniko kwanza, kisha fanya hatua ya 9.

Maji yalipungua mara moja tu baada ya mfumo kufunguliwa na fundi, kisha yakatulia: ilikuwa hewa iliyotoka. Jaza hadi alama na uandike siku 7.

Sindano inapanda ukiwa njiani, tuseme kwenye milima ya Ngomo, na hujapata bado mvujo: zima kiyoyozi, washa hita kwenye joto la juu kabisa, tafuta mahali salama pa kusimama na uzime injini mara moja sindano ikigusa nyekundu. Usimwage maji baridi juu ya injini, na usiyaweke ndani mpaka imepoa. Chuma cha moto kikipata baridi ya ghafla hupasuka. Ikipoa, jaza taratibu, andika umejaza kiasi gani na ulikuwa kilomita ya ngapi ya mlima, kwa kuwa mstari huo mmoja utamsaidia fundi kuliko maelezo marefu utakayompa kesho.